Siku mbili na jahazi: jinsi ya kuipeleka familia visiwani Lamu

Likizo ya Disemba ikikaribia, maswali huwa yale yale. Bei gani? Mtoto wa miaka mitatu anaweza kwenda? Kuna choo? Je, tutoke Jumamosi saa 2 asubuhi, turudi Jumapili saa 10? Hili la mwisho ndilo linaloharibu safari nyingi, maana anayeuliza keshapanga saa zake na maji hajayauliza. Ratiba ya Lamu haitoki kwako wala kwa nahodha. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kuna njia ambazo chombo hakipiti ila maji yakiwa juu. Anza na maji, mengine yatafuata.

Meli kubwa za starehe, zile zenye vyumba na mabwawa ya kuogelea, hutia nanga Mombasa. Hapa tunazungumzia safari ndogo: familia moja, jahazi moja, kutoka gati la Lamu kupitia mlango wa Mkanda hadi kisiwa cha Manda Toto, kulala usiku mmoja mchangani na kurudi. Hesabu zote ni za watu 8: wazazi wawili, watoto watatu, nahodha na mabaharia wawili. Mabaharia nao wanakula na kunywa. Wengi husahau.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Maji safi madumu 5 ya lita 20. Hesabu ni lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia: watu 8 kwa siku 2 ni lita 64. Zinazobaki ni za kusuuza watoto chumvi na za akiba.
- Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, na ya watoto yawe ya saizi ya watoto.
- Hema mbili au vyandarua vya kutosha, mikeka, na leso au shuka nzito. Usiku wa kaskazi mchangani una baridi kuliko unavyodhania.
- Kofia zenye kamba ya kidevuni. Isiyo na kamba huenda na upepo, na jahazi halirudi nyuma kufuata kofia.
- Viatu vya kuingilia majini kwa kila mtu. Ndara hazifai, hutoka mguuni kwenye matope.
- Tochi 3, moja ya kuvaa kichwani.
- Sanduku la dawa: dawa ya kichefuchefu (ya mtoto umuulize mfamasia kwa uzito wake), ya maumivu, kibano, bandeji, siki, chumvi ya kuongeza maji mwilini, na mafuta ya kuzuia mbu.
- Mifuko miwili isiyopitisha maji, ya simu na vitambulisho.
- Vikapu au magunia ya kubebea. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata isingepigwa, upepo wa baharini haubakishi mfuko.

1. Chagua msimu

Disemba hadi katikati ya Machi ni kaskazi: upepo wa kuaminika, mvua haba. Ila upepo huo unatoka upande mnaoelekea, kwa hiyo kwenda ni kazi na kurudi ni raha. Aprili na Mei ni masika, achana nazo. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, na ingawa ndani ya mikondo ya visiwa watu husafiri, kwa mtoto ambaye hajawahi kupanda chombo si mwanzo mzuri. Tanga mbili, pale pepo zinapobadilishana, bahari huwa tulivu lakini upepo hukata ghafla, na hapo mashine ndiyo mkombozi.

Ramadhani mabaharia wengi wanafunga. Si haramu kusafiri, ila usitegemee mtu aliyefunga akubebee watoto mgongoni saa 9 alasiri.

2. Chagua tarehe kwa mwezi

Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya Lamu hujaa alfajiri na alasiri, na katikati ya asubuhi yamekupwa. Ukitoka saa 3 siku hiyo utaikuta Mkanda ni matope na mizizi ya mikoko. Siku za maji mafu, kiasi cha wiki moja baadaye, maji hujaa katikati ya asubuhi. Hizo ndizo siku za familia: mnaamka, mnakunywa chai, mnaondoka na jua la kawaida. Mkondo nao hauna nguvu sana, jambo linalosaidia waogaji wadogo.

Njia ya haraka ni kalenda ya Kiislamu ukutani. Tafuta tarehe 5 hadi 7, au 20 hadi 22. Kisha thibitisha kwa jedwali la maji la Lamu kwenye simu, na muulize nahodha kama hesabu zenu zinakutana.

Angalizo: jedwali la simu huandika saa kwa mtindo wa 24. Ikisema 10:10, hiyo ni saa 4 na dakika 10 asubuhi. Kuna familia hufika gatini saa 10 alasiri na mizigo yote kwa kosa hili tu. Kumbuka pia kwamba kila siku maji huchelewa kama dakika 50, na wakati wa maji mafu zaidi ya hapo. Yakijaa saa 4 siku ya kwanza, siku ya pili ngojea saa 5 na ushei.

Usipange kutoka Ijumaa adhuhuri. Hakuna nahodha atakayekuwa gatini.

3. Kagua chombo kwa macho yako

Usikodi kwa picha. Shuka gatini siku moja kabla, ukikanyage chombo. Tazama haya:

- *Ngama*, yaani maji yaliyokusanyika chini ya sakafu. Kila chombo cha mbao huvuja kidogo, si aibu. Waombe wayakumbe yote, nenda ukanywe kahawa saa nzima, urudi. Yakiwa ya kujaza kata chache, sawa. Yakiwa yamefika tena kwenye mbao za sakafu, tafuta chombo kingine. Jahazi lililokaa juu ya mchanga muda mrefu huvuja mpaka mbao zivimbe na kalafati, pamba ya kuziba nafasi za mbao, ishike. Mwenyewe atakwambia litaziba kesho. Basi ulipande hiyo kesho, likishaziba.
- *Jarari*, kamba inayopandisha foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Ipitishe mkononi. Ikiwa na nyuzi zilizokatika pale inapopita kwenye kapi, dai ibadilishwe.
- Mashine. Iwashwe mbele yako, ikae dakika 5. Uliza kama kuna plagi ya akiba na petroli ya kwenda na kurudi.
- Kivuli. Turubai lifungwe chini ya foromali, lisizuie tanga. Jahazi lisilo na kivuli halifai kwa mtoto.
- Kibali cha chombo na cha nahodha kutoka Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Omba kuviona, aliye navyo haoni vibaya.

Sasa yale majaketi. Mvalishe mtoto, funga vifungo vyote, kisha mshike mabegani kwenye jaketi na umnyanyue kidogo. Jaketi likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litampita kichwani. Kwa aliye chini ya miaka 5, tafuta lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Kama halipo Lamu siku hiyo, lije na wewe kutoka Mombasa au Nairobi. Hili halina majadiliano, hata nahodha akicheka akasema wanawe huogelea tangu hawajajua kutembea. Wanawe, ndiyo.

4. Kubalianeni mambo yote, bei iwe ya mwisho

Bei inayotajwa kabla ya haya kuzungumzwa haina maana. Ulizeni: ni siku mbili kamili au saa ngapi? Petroli ni ya nani? Nani ananunua chakula, nani anapika? Mabaharia ni wangapi? Hema ni zao au zenu? Hali ya hewa ikikataa, amana inarudi au inahamia siku nyingine? Andikeni kwenye karatasi au ujumbe wa simu. Toa theluthi moja kwanza, iliyobaki mkirudi gatini. Ukilipa yote barazani kwa mtu uliyekutana naye dakika kumi zilizopita, usishangae kesho akija binamu yake na chombo kingine.

Nahodha akijitolea kuwapeleka hadi Kiwayu kwa nyongeza ndogo, asante, safari nyingine. Ni mbali, kuna sehemu za bahari wazi, na ni upande wa mpaka. Hali ya usalama inabidi kuulizwa polisi kwanza.

5. Nunua chakula

Samaki watavuliwa au kununuliwa njiani kwa wavuvi, changu au tafi, lakini usijenge mlo juu ya samaki ambaye bado yumo baharini. Beba mchele kilo 3 na nazi 6 (mbili kwa kila kilo), viazi kilo 3, vitunguu, nyanya, ndimu 15, mayai trei moja, tende, matunda, na mikate ya mofa au mahamri ya asubuhi ya pili. Makaa debe mbili. Jiko likae ndani ya sanduku lenye mchanga, mbali na dumu la petroli, na lisiwashwe wakati tanga linageuzwa.

Asubuhi ya kuondoka mtoto ale kitu kikavu na chepesi. Chai ya maziwa na mahamri manne ya mafuta ni kumtafutia matapishi.

6. Pakia na kuaga

Maji na makaa chini, katikati ya chombo. Nguo na matandiko juu, ndani ya gunia lililofungwa. Sanduku la dawa lisiwekwe chini ya kitu chochote. Mwachie mtu anayebaki nchi kavu, mwenye nyumba mliyolala au jamaa, orodha ya majina, namba ya nahodha, jina la chombo, mnakokwenda na saa ya kurudi. Mwambie afanye nini mkichelewa kwa muda wa zaidi ya saa tatu.

7. Pita Mkanda maji yakiwa yanajaa

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika. Mkanda ni mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko pande zote. Ingieni katika saa mbili za mwisho kabla maji hayajajaa kabisa, msiingie baada. Sababu ni nyepesi: mkigusa matope maji yakiwa yanapanda, dakika chache yatawanyanyua. Mkigusa yakiwa yanashuka, mmepwelewa, na mtakaa hapo mpaka maji yarudi. Kwa hiyo kama yanajaa saa 4, tokeni gatini kama saa 1 na nusu.

Wakati wa kaskazi upepo unawapiga usoni, na humo ndani hakuna nafasi ya kwenda bisho, yaani kukata upepo kwa kupinda huku na huku. Tanga litakunjwa na mashine itafanya kazi. Usilalamike kwamba ulilipia tanga. Mtalitweka ghuba ikifunguka.

Na Takwa, ule mji wa kale kisiwani Manda, je? Magofu yale ni ya kuona, msikiti wenye nguzo juu ya kibla na kaburi la karne ya 17, lakini njia yake ni mkono mwingine wa bahari, nao hutaka maji ya juu vilevile. Kujaribu Mkanda na Takwa kwenye maji yale yale ni kuikosa moja. Iwekeni siku yake.

8. Watoto chini ya tanga

Kabla tanga halijapanda, onyesha kila mtoto mahali pake: chini, sakafuni, nyuma ya mlingoti, upande wa juu wa upepo. Kisha waeleze litakalotokea.

Jahazi linapogeuza, baharia huilegeza demani, ile kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga. Tanga linapiga makofi kama mlango kwenye tufani. Foromali inasimamishwa karibu kunyooka na mlingoti, inazungushwa mbele yake hadi upande wa pili, na baharia anakimbia na kamba mkononi akipita pale pale mtoto alipokaa. Ni muda mfupi tu. Katika muda huo hakuna kusimama, hakuna kushika kamba, hakuna simu ya kupiga picha. Wafundishe neno moja: nahodha akisema "vichwa!", wote wanalala. Fanyeni zoezi mara mbili mkiwa bado gatini, watoto hupenda.

Mtoto asikalie ubao wa pembeni unaotokeza nje, hata akiona baharia amekaa huko kwa raha. Huo ni mzani wa chombo, ukiinuliwa au kuzamishwa hausubiri mtu.

Choo: chombo kidogo kina ndoo na pazia la leso, basi. Waambie watoto mapema ili wasijizuie siku nzima.

9. Weka kambi juu ya mstari wa mwani

Mkishuka Manda Toto, usichague pahali kwa uzuri. Tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti ulioachwa na maji ya mwisho, panda juu yake hatua kumi na zaidi, na hapo ndipo hema. Maji ya usiku yanaweza kuzidi ya mchana.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo, ya tatu na ya nne kwa kasi, kisha hupoa. Siku ya bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 3, na robo yake nzima, sentimita 75, hupanda katika saa ya tatu peke yake. Ndiyo maana mtu hutazama maji yako mbali, akalala, akaamka na godoro linaelea.

Jahazi litiwe nanga kwenye maji ya kutosha hata yakikupwa, baharia mmoja alale humo. Hema ziwe mbali na mikoko; usubi wa saa za magharibi hauhurumii mtu. Shimo la choo lichimbwe kina cha kiganja na dhiraa, nyuma kabisa ya kambi, na lifukiwe kila mara. Taka zote zinarudi Lamu, pamoja na nepi.

10. Kuogelea

Wakati mzuri ni maji yakiwa yametulia, yamemaliza kupwa au kujaa. Siku za maji mafu hilo huangukia kama saa 10 alasiri, jua limepoa. Mtu mzima mmoja kwa kila mtoto asiyejua kuogelea, umbali wa mkono. Miwani na mrija vijaribiwe kwanza kwenye maji ya magotini. Mnapotembea kwenye mchanga wa chini ya maji buruzeni miguu. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akihisi mtikisiko huondoka, akikanyagwa hupiga mkia. Msisimame juu ya matumbawe wala kuyashika: yanakufa, na yanachana ngozi.

11. Kurudi

Hesabu ile ile ya Mkanda, saa moja na zaidi baadaye kuliko jana. Kunjeni kambi mapema kuliko mnavyoona haja. Mizigo inayopakiwa kwa haraka ndiyo inayosahau kiatu cha mtoto na sufuria ya watu.

Mambo yakienda kombo

*Mmepwelewa.* Zima mashine, panka ikisaga matope inaharibika. Mabaharia watajaribu upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Ikishindikana, tieni nanga, fungeni turubai, pikeni chai. Usishuke peku kusukuma: chaza walioko kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe.

*Mtoto anatapika.* Mkalishe katikati kuelekea nyuma, atazame mstari wa upeo wa bahari na si simu, mbali na moshi wa mashine. Maji kidogo kidogo kwa kijiko. Ukikosa chumvi ya pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

*Mashine inawaka, kisha inazima baada ya dakika chache.* Kwanza fungua kiskrubu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi la petroli. Kikifungwa mafuta hayatiririki. Haiwaki kabisa? Angalia kamba nyekundu ya usalama kama imechomoka, kisha plagi.

*Miiba ya wale wanyama weusi wa mviringo wa miambani.* Toa inayoonekana kwa kibano bila kukamua. Loweka mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika. Siki husaidia vipande vidogo kulainika.

*Amepigwa na taa.* Maji ya moto ya kuvumilika, dakika 30 hadi 90, ukiyapima kwa mkono wako kwanza, maana mtoto mwenye maumivu hatahisi kuungua. Kisha hospitali, hasa mwiba ukiwa umebaki ndani au jeraha likiwa kifuani au tumboni.

*Yavuyavu, mnyama laini wa baharini mwenye nyuzi, amemwasha.* Osha kwa maji ya chumvi, si ya dumu. Usisugue mchanga. Nyuzi zitolewe kwa kibano. Akipumua kwa shida, safari imekwisha, rudini kwa mashine.

*Upepo umekata na petroli ni kidogo.* Tieni nanga, ngojeni. Mchana upepo hurudi mara nyingi. Msimalize petroli ya Mkanda kwa kutafuta upepo ghubani.

*Nahodha ametazama mawingu, amesema leo hatutoki.* Usimwongezee pesa. Mkipanga upya siku inayofuata, icheleweshe saa ya kuondoka kwa saa moja, na amana ihamie huko kama mlivyoandika hatua ya 4. Barafu ya samaki itakuwa imeyeyuka, kwa hiyo nunueni nyingine asubuhi.